Sahani Aliyotoka Nayo Kwao



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Ndugu zangu wanafunzi, leo naanza na kosa langu mwenyewe.

Likizo iliyopita nilifundisha katika mafunzo ya vijana kwenye msikiti mmoja wa Buyenzi, hapa Bujumbura. Walikuja vijana wa mtaani na wa mikoani, nami nikapewa somo la kuheshimiana. Nikawasomea aya ya 13 ya Suratul-Hujurat, nikafafanua kwamba tofauti zetu ni njia ya kujuana, wala nasaba haimpandishi mtu cheo mbele ya Mola. Nikawakumbusha vita vilivyoanza 1993: mitaa mingi ya mji huu iligawanyika kati ya Wahutu na Watutsi, lakini Buyenzi ikabaki ya watu mchanganyiko. Nilijisifu kidogo, Mungu anisamehe.

Baada ya Adhuhuri ikaletwa pilau. Tukakaa watano watano kwenye masinia. Kijana mmoja Mtwa, aliyesilimu si zamani, akatoa sahani ya bati mfukoni mwake, akapakuliwa, akaenda kula peke yake ukutani. Hakuna aliyemfukuza. Alikuja nayo kutoka kwao, kwa sababu alitujua.

Aliyekulia nchini humu haihitaji kuelezwa. Watwa ndio waliofinyanga vyungu vya bibi zetu. Vyungu tulivipenda, lakini kula chombo kimoja na mfinyanzi watu walikataa. Katiba ya 2005 iliwatengea viti vitatu Bungeni na vitatu Seneti. Nafasi kwenye mkeka wa chakula haiandikwi katika katiba.

Nami niliona, nikanyamaza. La kuniaibisha zaidi ni kwamba nilishukuru moyoni: kijana ametupunguzia tabu.

Usiku nilimkumbuka Abu Dharr (R.A.). Imepokewa katika Sahihi Bukhari kwamba alimtukana mtu kwa mama yake, na Mtume (S.A.W.) akamwambia kuwa bado ana ujahilia ndani yake. Abu Dharr huyu si mtu wa pembeni, ni katika waliotangulia kusilimu! Kisha akaamrishwa, yeye na sisi, kuwalisha walio chini ya mikono yetu kile tunachokula na kuwavisha tunachovaa. Aliyesimulia alimkuta Abu Dharr na mtumishi wake wamevaa nguo za namna moja. Toba yake ilionekana mwilini.

Kesho yake nilimwita kijana aje kwenye sinia letu. Akakataa kwa adabu.

"Ustadhi, nikikaa, wengine watainuka. Nitaona haya kwa ajili yao."

Sikuwa na jibu. Nikauliza kama mimi naweza kwenda kwake. Akatazama chini, kisha akasogeza ile sahani ya bati katikati yetu. Siku hiyo alikuja kijana mmoja tu kutufuata. Siku ya mwisho tulikuwa sita, na sahani haikutosha, ikabidi tuombe sinia. Wengine hawakuja kabisa, na baadhi yao ndio waliohifadhi ile aya vizuri zaidi.

Mafunzo yanarudi likizo ijayo, inshaAllah. Nimeomba kamati impe mwingine somo langu, nami nipangiwe zamu ya kupakua chakula.

Wabillahi tawfiq.