Kondo na swali la kosa

Mdogo wangu alipojifungua njiti, mimba ikiwa na wiki 30, nilimuuliza swali ambalo hadi leo natamani ningelimeza: "Kwani ulibeba nini?" Hakunijibu. Aligeukia ukutani. Nadhani alishaulizwa na mama mkwe, na majirani, na yeye mwenyewe usiku kucha.

Najitetea kwamba ilikuwa huruma. Lakini tuseme ukweli jamani: nilikuwa natafuta mkosaji, na aliyekuwa karibu alikuwa amelala kitandani.

Baadaye nikaanza kusoma. Anayezaliwa kabla ya wiki 37 huhesabiwa kuwa njiti. Mwaka 2020 walizaliwa takriban milioni 13.4 duniani. Sababu ni nyingi, na mara nyingi haipatikani. Ila mojawapo kubwa, hasa kwa wanaozaliwa mapema mno, iko kwenye kondo la nyuma na utando unaomzunguka mtoto. Bakteria hupanda kutoka ukeni, hupita mlango wa kizazi, hufika kwenye utando. Seli nyeupe za damu ya mama hukimbilia huko kupambana nao. Sehemu ile huvimba. Katika mapambano hayo mwili hutoa kemikali, na ndizo hizo hizo zinazodhoofisha utando, kulainisha mlango wa kizazi na kuamsha uchungu. Mara nyingi mama hana hata homa. Mambo hujulikana baadaye, kondo likiwekwa chini ya hadubini, kama likiwekwa.

Katika Kiswahili cha zamani, kondo pia ni vita. Sijengi hoja juu ya hilo, ila nilipolikuta kwenye kamusi nilifunga kitabu nikakaa kimya.

Maana vita ile haikuwa na mhaini. Seli zilikuwa zinamlinda mama, kazi yake ndiyo hiyo. Sababu ilikuwepo, kosa halikuwepo. Sisi hivi viwili tunavichanganya kila siku. Tunauliza "kwa nini?" kama watu wanaotaka kujua, kumbe tayari tumeshahukumu.

Utaniambia: basi kama hakuna mkosaji, tukunje mikono? Hapana. Chukua malaria. Vimelea vyake hujificha kwenye kondo, nalo huvimba vilevile, na mtoto huweza kuzaliwa mapema au akiwa na uzito mdogo. Chandarua na vidonge vya SP anavyopewa mjamzito kliniki hupunguza hatari hiyo. Sasa vidonge vikiisha kliniki, utamuuliza mama alibeba nini? Hapo kuna wajibu wa wanaoagiza dawa, wanaopanga bajeti, mume anayetakiwa kutoa nauli, na hata mimi dada mtu niliyekuwa nampigia simu mara moja kwa mwezi. Lawama hutaka mtu mmoja, tena aliye dhaifu. Wajibu hututaka wengi, ndiyo maana lawama hutuvutia zaidi.

Mtoto sasa ana miaka minne, mtundu kupita kiasi. Juzi nilimwomba mdogo wangu radhi kwa lile swali. Alicheka, akasema alishasahau.

Sikumwamini. Nilikuwa sijataja swali lenyewe, naye hakuuliza ni lipi.