Je, Chura Naye ni Jirani Yetu?



Sisi wa Malolo hatuhitaji kufundishwa thamani ya maji. Vitunguu na mpunga wetu hunyweshwa kwa mifereji itokayo mto Mwega, na kiangazi kikikaza kila mtu huingojea zamu yake. Basi mtu akichimba kibwawa uani, akapanda matete na yungiyungi, wala asifuge samaki wa kuuza, majirani wana haki ya kuuliza: maji haya ni ya nani? Je, chura aoge na shamba la jirani likauke?

Wako wasemao kwamba kiumbe kisicho na faida kwa mwanadamu hakina dai lolote. Lakini tukisoma Mwanzo, sura ya pili, twaona kwamba Adamu alipewa kazi mbili bustanini: kulima na kutunza. Alimaye bila kutunza amefanya nusu ya kazi. Tena ule Wimbo wa Vijana Watatu katika Sala ya Asubuhi huwaita wote waishio majini wamsifu Mungu, wala hauulizi kwanza kama wana bei sokoni.

Hata hivyo, hatuwezi kumhubiria habari za chura mtu ambaye watoto wake watalala njaa kwa ajili ya kibwawa chetu. Afunguaye mfereji usiku ili ajaze kibwawa amemwibia jirani, hata maua yake yakipendeza namna gani.

Tutazame Kihansi, katika milima ya Udzungwa. Huko aliishi chura mdogo asiyefika sentimita 3, katika manyunyu ya maporomoko tu, wala hakupatikana mahali pengine duniani. Mwaka 2000 maji mengi ya mto yaligeuzwa ili yazalishe umeme, na umeme ule twauhitaji. Chura wapatao 500 walipelekwa Marekani, na mabomba ya kunyunyizia maji yakawekwa bondeni. Lakini mwaka 2003 waliobaki walipungua ghafla, na ugonjwa wa ukungu ni miongoni mwa sababu zilizotajwa. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba hawapo tena porini. Na mwaka 2012 wazao wa wale waliosafirishwa wakaanza kurudishwa. Kwa gharama na taabu kubwa, watu walitafuta kurejesha fungu ambalo ni rahisi zaidi kulitenga tangu mwanzo.

Hapo ndipo jibu letu lilipo. Si lazima tuchague kati ya jirani na chura. Twapaswa kutenga fungu la kila mmoja mapema, nalo litoke katika kilicho chetu. Kibwawa na kijazwe kwa mvua ya bati letu, si kwa zamu ya mwenzetu. Tushindilie udongo wa mfinyanzi chini, ukingo mmoja uteremke taratibu ili chura na ndege wapate kutoka, tena tuweke uzio kwa ajili ya watoto wadogo. Maji matupu yatazaa mbu. Kwa hiyo tutie perege wachache wa mto wetu wenyewe, tuzoe majani yaozayo, na kereng'ende watakuja bila kualikwa. Tusilete gugu maji kwa sababu ya ua lake, wala sato wa kutoka mbali. Imeonekana katika nchi yetu kwamba sato wakitoroka huzaana na perege wa asili, na mbegu ya asili ikapotea. Kiangazi kibwawa kikipungua, tukiache kipungue. Viumbe wa huku wamezoea kungoja mvua.

Mwenye kumpa chura debe la maji yake mwenyewe hajamnyima mtu kitu. Naye aliyezoea kumkumbuka asiyeweza kumlipa hatamsahau upesi mjane aliye mwisho wa mfereji. Tujipime hapo, ndugu.

Amani ya Bwana iwe nanyi.