Simu ya Rehani

Wapwa zangu,

Ukoo wetu unahesabiwa kwa mama, na mpwa akiharibikiwa anayeulizwa ni mjomba. Nikinyamaza leo, kesho watu wa Chiungutwa watasema, "Mjomba wao alikuwa wapi?" Nilikuwa hapa hapa barazani, nikiwatazama mnavyolipia vitu ambavyo ufunguo wake uko kwa mwingine.

Nianze na mkorosho, maana huo mnaujua. Mtu anabanwa na ada au msiba mwezi wa Machi. Hela haipo, mikorosho haina hata ua, na salfa ya kupulizia msimu huo bado haijajulikana itapatikanaje. Anakwenda kwa mwenye nazo, anaweka mikorosho kumi rehani. Kuanzia siku hiyo mti unabaki palepale alipoupanda mjomba wake. Yeye ndiye anayeupalilia, yeye anayeukinga na moto wa kiangazi, na mchana anapumzika kivulini mwake. Oktoba ikifika, anayeokota ni mwingine. Nimewaona wazee wenye mashamba makubwa kuliko uwanja wa mpira wakiomba korosho za kumkaangia mgeni. Ukimwuliza mzee kama huyo mikorosho hii ni ya nani, atakujibu, "Yangu." Na hasemi uongo.

Sasa tuje kwenye simu.

Mkubwa wenu alirudi kutoka Masasi Desemba ile na simu pana kama daftari. Kianzio shilingi 50,000, kisha 1,500 kila siku kwa mwaka mzima. Mimi ni mwalimu mstaafu, mkono unaniwasha nikiona tarakimu. Nikachukua kalamu: 1,500 mara 365 ni 547,500. Ongeza kianzio, zinakuwa 597,500. Simu hiyohiyo, duka la karibu na stendi, ilikuwa 330,000 taslimu. Nilipomwonyesha akacheka. "Mjomba, 1,500 ni soda na chapati tu."

Kwa dereva wa bodaboda hesabu hiyo inaweza kusimama, kwa sababu anashika hela kila jioni. Mkulima wa korosho hashiki hela kila jioni. Sisi tunapeleka mzigo chama cha msingi, unakwenda ghalani, mnada unapita, fedha zinaingia benki kuanzia Oktoba hadi mwaka mpya unapobisha hodi, basi. Baada ya hapo ni kula ulichokiweka mpaka msimu mwingine. Deni la kila siku juu ya mapato ya mara moja kwa mwaka ni sawa na kumkamua mbuzi asubuhi na jioni wakati anazaa mara moja. Mwezi Februari ulipokolea, siku ya tatu bila malipo, kioo kikajifunga. Kikabaki kinaonyesha saa na namba ya kulipia.

Mnajua kilichokuwa ndani. Dada yangu, mama yenu, alituacha Januari iliyotangulia. Majuma yake ya mwisho wodini alikuwa akimtumia mkubwa wenu ujumbe wa sauti kila jioni: amekula nini, nani kaja kumwona, mbuzi wahamishiwe upande gani wa uwanja. Hakuna hata mmoja uliokuwa umehamishiwa mahali pengine. Kijana, kwa uchungu, akaipeleka simu kwa fundi, na fundi akaiflashi. Ilipowaka ikawa mpya kama siku ya kwanza, tupu kabisa. Ilipokamata mtandao tu, kufuli likarudi. Kufuli la namna ile halikai ndani ya simu peke yake. Kila simu ina namba yake ya utambulisho, ile IMEI inayotokea mkibonyeza *#06#, na namba hiyo imeandikwa kwenye kompyuta za mkopeshaji. Simu ikiamka inakwenda kuuliza huko kama imeruhusiwa kufanya kazi. Sauti zikafutika, kufuli likabaki.

Simlaumu mkopeshaji kwa kudai chake. Masharti yalikuwepo, na mpwa wangu aliyakubali kwa kidole kimoja bila kuyasoma, kama mnavyoyakubali ninyi nyote. Kinachonisumbua ni kwamba hata waliolipa yote wamo katika rehani, ila wao hawana habari.

Mfano uko karibu. Mdogo wenu wa kike alinunua yake taslimu, risiti anayo. Kijana wa dukani, kwa ukarimu, akamfungulia barua pepe, akaweka neno la siri alilolijua yeye, akamkabidhi simu ikiwa tayari ina WhatsApp. Mwaka wa pili simu ikaganda, ikafutwa ili ianze upya, nayo ikadai ile barua pepe ya mwanzo. Ni kinga dhidi ya wezi. Simu za Android zimekuwa nayo tangu mwaka 2015, na ni kinga nzuri. Lakini kijana wa dukani alikuwa ameshahama mji, na mwenye mali akasimama mbele ya mali yake kama mwizi. Risiti haikumsaidia, maana simu haijui kusoma risiti.

Kwa hiyo msiondoke dukani kabla ya kuandika neno lenu la siri kwa mkono wenu wenyewe, muuzaji akiwa amegeukia ukutani. Na mkiwa hapohapo bonyezeni *106# muone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chenu cha NIDA. Tangu usajili wa alama za vidole uanze mwaka 2019, kidole chenu ni saini, na kuna mawakala waliowaambia watu "weka tena, haijasoma" zaidi ya mara moja. Laini ya pili, iliyosajiliwa kwa jina lenu bila ninyi kujua, ndiyo inayokuja kutuma "ile pesa itume kwenye namba hii."

Ninyi wadogo hamkumbuki vizuri usiku wa tarehe 16 Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilipozima simu bandia nchi nzima. Kenya walikuwa wametangulia mwaka 2012. Watu walilala na simu wakaamka na tochi. Kosa lilikuwa la waliotengeneza na kuuza bandia. Simu nyingine hazikuwa na namba halali hata kidogo. Lakini mimi siku ile nilijifunza jambo moja ambalo nilikuwa silijui: swichi ipo, na haiko mkononi mwangu. Redio ya mjomba wangu haikuwa na swichi ya namna hiyo. Kama kulikuwa na wa kuizima, basi ni betri.

Kwenye ving'amuzi sitakaa sana. Mitambo ya analojia ilianza kuzimwa Dar es Salaam mwisho wa mwaka 2012, tukaambiwa tununue ving'amuzi, tukanunua. Agosti 2018 chaneli za bure za nyumbani zikaondolewa kwenye baadhi ya ving'amuzi vya kulipia, kwa kuwa leseni za wenye ving'amuzi hazikuwaruhusu kuzirusha. Wakubwa walikuwa na hoja zao za kisheria. Mzee aliyenunua dishi ili aone taarifa ya habari ya saa mbili hakuulizwa.

Mtasema haya ni ya kwetu kwa sababu sisi ni maskini. Hapana. Mwezi Julai 2009 Wamarekani walionunua vitabu vya George Orwell kwenye vile vibao vya kusomea vya Amazon, Kindle, walikuta vimetoweka. Aliyevipeleka sokoni hakuwa na haki ya kuviuza, na Amazon, badala ya kumalizana na muuzaji, wakaingia kwenye vifaa vya wasomaji na kuvifuta. Wakarudisha fedha, baadaye mkubwa wao akaomba radhi. Kimojawapo cha vitabu hivyo kinahusu serikali inayofuta maandishi ya jana. Kingine ni kile tulichokisoma kwa Kiswahili cha Fortunatus Kawegere, *Shamba la Wanyama*. Nakala yangu ninayo. Mchwa wamekula pembe moja na jalada limeshonwa kwa uzi wa katani, lakini tangu niinunue hakuna aliyewahi kuja usiku kuichukua.

Mwaka 2019 Microsoft nao walifunga duka lao la vitabu vya kielektroniki. Vitabu vikafungika kwa wote waliokuwa wamelipa. Fedha zilirudishwa, sawa, ila wapwa zangu, mtu aliyesoma kitabu akaandika pembeni mwa kurasa hadai fedha. Ndiyo maana jimbo la California limetunga sheria iliyoanza kufanya kazi Januari 2025: muuzaji wa vitu vya kidijitali asiandike "nunua" bila kumweleza mteja wazi kwamba anachopata ni ruhusa ya kutumia tu. Kwetu hapa neno "nunua" bado linatembea bila kuulizwa kitambulisho.

Na wakulima? Kule Ukraine mwaka 2022 matrekta na mashine za kuvunia za John Deere ziliporwa Melitopol, zikasafirishwa mpaka Chechnya, na zilipofika hazikuwaka: zilikuwa zimefungwa kutoka mbali. Watu walishangilia, hata mimi. Kisha nikakaa nikafikiri. Mwenye uwezo wa kumzimia mwizi trekta lililoko mbali kiasi kile anaweza kumzimia na mwenyewe. Wakulima wa Marekani walikuwa wameshalisema hilo miaka mingi, wakidai haki ya kutengeneza trekta lao wenyewe bila kusubiri fundi wa kampuni mwenye kompyuta. Siku mashine ya kupulizia dawa itakapokuja Chiungutwa na laini ya simu ndani yake, mniambie kabla hamjasaini.

Lipo na la mikopo ya mtandaoni, ndugu ya kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kali. Mnapakua programu, inaomba ruhusa ya kuona majina yote mliyohifadhi, mnabonyeza kubali kwa sababu mnataka 30,000 jioni hii. Mkichelewa, ujumbe unamfikia mwalimu wenu, mchungaji, mkwe. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Nimesema Benki Kuu, si mjomba wenu mshamba. Majina yaliyomo kwenye simu si yenu peke yenu. Ni ya watu waliowaamini wakawapa namba.

Msinisikie vibaya. Simu ninayo, na siku za mnada mimi ndiye wa kwanza kutumiwa bei kwenye kundi la chama cha msingi. Siwaambii mrudi kwenye baragumu. Ninachosema ni kile wanachokijua bibi zenu wa juu kule Newala. Uwanda wa Makonde hauna visima vya kuchimba kwa jembe. Maji yalikuwa bondeni, na mwanamke alishuka genge na kulipanda na mtungi kichwani. Mabomba yalipokuja walishukuru, lakini wenye akili hawakufukia matangi yao ya mvua. Bomba likitoka wanachota, bomba likikauka wanafunua tangi. Mlio na wake Newala mnajua tangi la mkwe linavyofunikwa na kufungwa.

Basi na ninyi muwe na tangi. Picha za harusi, vyeti, hati ya shamba mliyoipiga picha, stakabadhi za korosho, sauti za wazazi: vihamishieni kwenye memori kadi na flashi, kisha flashi moja ikae kwa dada yenu, maana nyumba huungua. Wimbo mnaoupenda kweli msiuache uishi kwa bando. Bando la saa 24 likifika muda linaondoka hata kama hamjaligusa. Mimi sijawahi kuona debe la mbaazi linaloyeyuka saa sita usiku kwa sababu mwenye nalo alilala mapema. Na mkitaka simu, ngojeni Novemba mnunue taslimu, hata ikiwa ndogo. Najua vijana wa siku hizi Novemba wanaiona mbali kama kiama. Kangomba naye, yule anayenunua korosho kwa bei ya chini kabla hazijaokotwa, anaishi kwa sababu hiyohiyo: anakuja Julai na vijihela vyake, anajua Oktoba inaonekana mbali.

Mkubwa wenu alimaliza deni lile. Simu sasa inafanya kazi, haina kufuli, na anaitumia kwa heshima kama mtu anayebeba sanduku tupu.

Nina jambo la mwisho, nalo ni lake zaidi, ingawa wote mtalisikia. Redio kaseti ya National niliyoachiwa na mjomba wangu bado iko juu ya kabati. Imefunguliwa kwa bisibisi mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, mkanda wa ndani umewahi kuwa mpira wa kubana nywele, na hakuna aliyeniuliza kwa ruhusa ya nani. Majuzi, nikitafuta kitu kingine, nilikuta kaseti ya kwaya ya Krismasi, mwaka 1988. Sauti ya pili, upande wa kushoto, inayotangulia kidogo kabla ya wenzake kwa sababu hakuwahi kuwa na subira, ni ya mama yenu.

Nimeibeba mpaka mjini kwa fundi, akaunga waya kutoka tundu la spika ya masikioni kwenda kwenye kompyuta, tukakaa naye dakika 45 bila kusema neno. Ziko flashi tatu. Moja inabaki kwangu, moja nimempa dada yenu. Ya tatu nimeifunga kwenye kitambaa, iko ndani ya bati la chai. Mkubwa wenu aje aichukue Jumamosi, na asije na mtu wa kumsaidia kubeba.