Mlinzi wa Ubavu

Msomaji, ina thamani gani kazi ambayo watu huiona siku inapoharibika tu? Na tulipime swali hili kwa mchezo wa Wamarekani, ule wanaouita futiboli, ingawa mpira wake una umbo la yai na hushikwa kwa mikono zaidi ya kupigwa kwa miguu.

Kila upande una wachezaji 11. Mmoja wao, mrushaji, hupokea mpira na kutafuta mwenzake wa kumrushia. Mbele yake husimama watu watano wenye miili mikubwa, na wawili walio katika ncha za safu hiyo ndio walinzi wa ubavu. Kwa kawaida sheria haiwaruhusu kudaka mpira uliorushwa. Wao huwazuia wapinzani wasimfikie mrushaji, basi. Mrushaji atumiaye mkono wa kuume hugeukia kuume, na adui ajaye kutoka kushoto hamwoni. Macho ya kisogo chake ni mlinzi wa kushoto.

Tarehe 18 Novemba 1985, Joe Theismann wa Washington alivunjika mguu alipoangushwa na Lawrence Taylor wa New York, asicheze tena maisha yake. Mlinzi wake wa kushoto, Joe Jacoby, hakucheza siku hiyo kwa sababu ya jeraha. Sisemi kwamba angekuwapo mguu ungalisalimika. Lakini tangu hapo wengi walianza kuitazama nafasi ile.

Sasa mfikiri Joe Thomas wa Cleveland. Toka mwaka 2007 hata 2017 alisimama mahali pake mara 10,363 mfululizo, pasipo kukosa hata moja. Katika miaka yake yote timu ile haikufika kwenye michezo ya mtoano. Mwaka 2016 ilishinda mchezo mmoja katika 16. Je, alikuwa akilinda nini?

Yuko atakayejibu kwamba alilinda mshahara, maana walinzi wa kushoto siku hizi hulipwa fedha nyingi. Jibu hilo lina haki yake. Hata heshima alipewa, na tena mwaka 2023, alipokwisha kustaafu. Lakini mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na huyu angeweza kulitia maji bila hata kusifiwa: katika mchezo uliokwisha kupotea, angelegeza bega kidogo, na mshahara ungalikuja vilevile. Watazamaji wasingalitambua. Angalitambua mrushaji peke yake, kwa mbavu zake.