Utulivu wa Alfajiri

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu aliyetujaalia usiku tupate kutulia na mchana tupate kutafuta, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad na Sahaba zake.

Ama baada ya hayo, ndugu zetu Waislamu, twataka kusema juu ya jambo ambalo wengi hulihisabu kuwa dogo, nalo ni namna mtu anavyoianza siku yake. Tazameni hali ilivyo mitaani mwetu. Baba wa nyumba huamka jua limekwisha kupanda na sala imempita. Mkono wa kwanza huunyosha kwenye simu, akasoma maneno ya watu kabla hajamtaja Mola wake. Maji hujimwagia kwa pupa, chai huinywa hali amesimama, kisha hutoka akigombana na watoto. Akiulizwa ana nini, husema, "Leo nimeamka na kisirani." Hapana kisirani! Mtume (s.a.w.) alikwisha kuibatilisha imani ya nuhusi na ndege mbaya. Alichoamka nacho bwana huyu ni usingizi aliouchelewesha mwenyewe. (Na wenye maduka wafukizao ubani kila asubuhi wajiulize: wakifukiza kwa ajili ya harufu nzuri, ni jambo jema, lakini wakidhani kuwa moshi ndio uwaitao wanunuzi, hayo ni mambo mengine kabisa.)

Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) ametueleza kwamba mtu alalapo, shetani humfunga mafundo matatu kisogoni. Akiamka akamtaja Mungu, hufunguka moja; akitawadha, la pili; akisali, la tatu, naye hupambazukiwa hali ni mchangamfu mwenye nafsi njema. Asipofanya hivyo, hupambazukiwa mzito na mwenye nafsi mbovu. Angalieni mpango huo ulivyo: kwanza ulimi, kisha maji, kisha mwili mzima. Fundo hufunguliwa kwa taratibu, na alivutaye kwa nguvu hulikaza. Na ikiwa tumekatazwa mbio hata katika kuiendea sala yenyewe, tukaamrishwa tuiendee kwa utulivu, itakuwaje katika kuiendea kazi ya duka au ya bandarini?

Wako wasemao kwamba kuutunza mwili ni mambo ya wenye kujiona. Hao hawakuisoma dini yao. Salman alimwambia Abud-Dardaa kuwa mwili wake una haki juu yake, na Mtume akamsadikisha. Aamkaye ameamrishwa aoshe mikono mara tatu kabla ya kuitia chomboni, kwani hajui mkono wake umelala wapi. Na Mtume mwenyewe alipoamka usiku alikuwa akisugua kinywa chake kwa mswaki. Neno lenyewe "mswaki" tumelipokea kutoka Kiarabu, ila wengine wetu tumelipokea jina tukaliacha tendo.

Baada ya sala ya alfajiri, Jabir bin Samura asimulia kwamba Mtume alikuwa akikaa pale pale aliposali mpaka jua litoke. Sahaba walikuwa wakizungumza naye hata habari za siku za ujahili, wakacheka, naye akitabasamu. Basi utulivu si kukunja uso. Wala si kule kuharakisha tasbihi thalathini na tatu kama mtu ahesabuye nazi apate kuondoka.

Nasi tuna udhuru gani? Katika Ulaya ya kaskazini, wakati wa kiangazi, alfajiri huingia katikati ya usiku, na Waislamu wa huko hupata mashaka makubwa. Mombasa iko digrii 4 tu kusini mwa ikweta. Jua letu hutoka baina ya saa 12 na saa 12 na nusu hivi, mwaka mzima, na toka adhana mpaka kutoka kwake mna saa moja na zaidi. Mtume aliuombea umma wake baraka katika mapema ya siku, na Sakhr, aliyeipokea hadithi hiyo, alikuwa mfanyabiashara akipeleka bidhaa zake mwanzo wa mchana, akatajirika. Kinachotuibia saa hiyo ni baraza za usiku na mipira ya Uingereza itazamwayo mpaka saa 6. Mtume alichukia mazungumzo baada ya sala ya isha.

Limebaki moja, nalo ndilo zito. Nyumba nyingi zina utulivu wa asubuhi, lakini ni wa mwanamume peke yake. Yeye hukaa msikitini na uradi wake, na mkewe tangu saa 11 yu jikoni akichoma mahamri, akitafuta kiatu cha mtoto, akipiga pasi kanzu ya bwana. Hata sala yake huisali roho iko mekoni. Bibi Aisha alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, alijibu kuwa alikuwa katika kazi za watu wa nyumbani mwake, na sala ilipofika akatoka kuiendea. Basi kesho, inshallah, mwanamume akirudi msikitini na abandike birika kwa mkono wake, awavishe watoto, na mama naye apate robo saa ya kukaa juu ya mswala wake.