Je, Kuchuma Tunda Changa ni Israfu?

Mparachichi wa bibi yangu kule Rwimbogo ni wa kubebeshwa, ndio kwanza una miaka miwili. Mwaka huu umechelewa kuzaa: vitunda 9, masika yakiisha na kiangazi cha Juni kikibisha hodi. Wakulima wazoefu husema vitolewe, kwani mti mchanga ukilea matunda wakati wa ukame, mizizi na matawi hudumaa. Bibi akang'aka: riziki ya Mungu haitupwi!

Nikamjibu kwa fiqhi. Israfu ni kupoteza pasipo faida, na hapa faida ni mti wenyewe. Tena Mtume (s.a.w.) ametuamrisha tupande mche hata Kiyama kikiwa kinasimama, na mpandaji huyo hatarajii kula. Nikajiona nimeshinda.

Usiku ndipo nilipoiona kasoro. Hadithi ile inamsemesha mwenye mche mkononi. Mimi nilikuwa nikihubiri subira kwa tunda la mwingine, tena mtu aliyevuka miaka 80, aliyeupanda mwenyewe. Mti una misimu mingi mbele. Yeye je?

Asubuhi nikamwomba radhi, nikamwachia uamuzi. Alichuma 8 kwa mkono wake. Kimebaki kimoja, kwenye tawi la chini anakofikia bila ngazi. Tawi nimelitegemeza kwa kijiti, na kila jioni nabeba maji.