Mkono Ulioshika Mjeledi

Wazazi wakiniuliza wampe kitabu gani mtoto aliyekwisha kujua kusoma lakini bado hajapenda kusoma, huwatajia Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1952. Ni kitabu chembamba. Kina jini, kina safari za bahari, kina mji ambao watu wake wamegeuka mawe, tena kina manyani wawili wanaopigwa kila usiku. Mtoto wa kawaida hahitaji kubembelezwa zaidi ya hapo.

Najua wako wanaokilaumu. Husema majina yake yanamaliza hadithi kabla haijaanza: ndugu mwema ni Adili, wabaya ni Hasidi na Mwivu, basi mtoto atajifunza nini ambacho jalada halijamwambia? Lawama hiyo niliwahi kuikubali. Mimi mwenyewe nilikisoma nikiwa darasa la sita, mwaka 1968, chini ya mwembe wa shule, na nilichopata ni furaha ya kuona wabaya wamekomeshwa. Walimtupa ndugu yao baharini kwa kijicho, wakageuzwa manyani, wakachapwa. Nilifunga kitabu nikaenda kucheza mpira.

Lakini tazama jinsi mwandishi anavyotuingiza katika jambo lenyewe. Ikibali, mjumbe wa Mfalme Rai, amefika Janibu kwa Liwali Adili kufuata kodi. Mwenyeji wake anasifiwa na kila mtu. Usiku mgeni huyo anamwona mtu mpole yule akiwachapa wanyama waliofungwa, kisha akiwahurumia na kuwalisha, huku mwenyewe akilia. Ikibali haelewi, na msomaji haelewi. Baadaye ndipo tunapojua kwamba manyani ni ndugu zake wa damu, na kwamba adhabu ile si shauri lake. Imeamriwa na Huria, jini aliyemwokoa, naye asipoitimiza itamrudia yeye. Kwa hiyo swali si kama Hasidi na Mwivu walistahili, maana hilo majina yamekwisha kulijibu. Swali ni hali ya mtu aliyetendewa ubaya, kisha akakabidhiwa mjeledi.

Sikuliona swali hilo mpaka nilipokuwa mtu mzima, na aliyenionyesha alikuwa mtoto.

Baba yetu alipofariki alituachia shamba la minazi. Mdogo wangu aliliuza bila kunishirikisha, na fedha zikaisha kwa namna ambayo sina haja ya kuieleza hapa. Sikumshitaki. Nilijisifu kwa hilo, na watu walinisifu. Alipokwama kwa kodi ya nyumba nilimpa. Mkewe alipougua nilimpa. Mwanawe alipofaulu kwenda sekondari nilimchukua akae kwangu, maana shule ilikuwa karibu. Ila kila nilipotoa, nilitanguliza maneno. Nilimkumbusha shamba, nikamkumbusha baba, nikamhesabia minazi. Yeye alikaa kimya akitazama sakafu mpaka nimalize, kisha akapokea na kusema, "Ahsante, kaka." Mambo yalikwenda hivyo kwa miaka tisa. Mimi niliyaita maonyo.

Mwanawe alikuwa na miaka kumi na minne nilipompa Adili na Nduguze. Alikimaliza kwa siku mbili. Nilitazamia aniulize habari za mji wa mawe, kama watoto wengine. Badala yake alisema, "Baba mkubwa, wale manyani walikuwa wanajua kwamba Adili anawapenda?"

Nikamjibu kwamba bila shaka walijua, kwani walimwona akilia na kuwalisha.

Akafikiri. "Lakini kila siku lazima wangoje kupigwa kwanza ndipo wale."

Sidhani alikuwa akimzungumzia baba yake, ingawa mara nyingi alikuwapo, ameketi kwenye mkeka na madaftari yake, nilipokuwa nikihesabu minazi. Nilimwambia akalale. Mimi nilikichukua kitabu nikakisoma tena usiku ule, nikatafuta mahali ambapo ningeweza kujitetea. Adili alichapa kwa kulazimishwa, na machozi yalimtoka. Mimi Huria wangu alikuwa nani?

Kuna mengine ya kukosoa kitabuni humo, nami sifichi. Mwelekevu, binti aliyetoka katika mji ule wa mawe, anagombewa na ndugu hao kama mali, na msichana wa leo atauliza kwa nini, na aulize. Lugha nayo itampeleka kwenye kamusi mara kadhaa. Hata hivyo ningali nakipendekeza, na ushauri wangu kwa mzazi ni mmoja tu: usimweleze mtoto maana yake. Mpe akisome, kisha uwe tayari kuulizwa.

Mdogo wangu alikuja tena Idi iliyofuata, akiwa na shida ndogo ya fedha. Nilimpa kabla hajamaliza kueleza. Alizitia mfukoni, akanywa chai yake yote, akaweka kikombe chini, akaendelea kukaa huku akitazama sakafu. Ilinichukua muda kutambua alichokuwa akingoja. Nikamuuliza kama aongezewe chai.